Theluji ya Kwenye Dua na Mvua ya Uani Kwetu



Wasomaji wetu wa Moshi wanajua kwamba mlima hauonekani kila siku. Huweza kupita juma zima la masika Kilimanjaro umejifunika mawingu, na mgeni akaondoka mjini bila kuuona mlima aliousikia tangu utotoni. Kisha huja asubuhi moja, baada ya mvua ya usiku kucha, mawingu yakafunguka, na watu wanaotoka msikitini baada ya Sala ya Alfajiri wakakikuta Kibo kimesimama juu ya mapaa ya nyumba, cheupe kuanzia utosini hadi mabegani. Hata waliozaliwa chini ya mlima huo, ambao tungedhani wameuzoea, husimama kidogo wakatazama.

Asubuhi ya namna hiyo kijana wetu wa darasa la nne alikuwa anarudi nasi kutoka msikitini. Wiki ile ustadh wake wa madrasa alikuwa amewahifadhisha dua ya kufungulia sala iliyopokewa na Abu Huraira, ambayo ndani yake mja anamwomba Mola wake amwoshe makosa yake kwa maji, kwa theluji na kwa mvua ya mawe. Akautazama mlima, akauliza: "Baba, ile ndiyo theluji ya kwenye dua?"

Tukamjibu kuwa ndiyo.

"Sasa inatoka wapi? Na mbona haituangukii sisi huku Njoro?"

Tukamjibu upesi, kama tunavyojibu wazazi wengi tukiwa na haraka ya chai na kazi: "Ni mvua tu hiyo. Ikifika kule juu inaganda kwa baridi."

Jibu lilimtosha. Jioni tukamsikia barazani akiwafundisha wenzake kama alivyofundishwa. Jirani yetu, ambaye kwa miaka mingi amekuwa mpagazi akibeba mizigo ya watalii mlimani, alikuwa amekaa karibu akisubiri Magharibi. Akamwambia kwa upole: "Hapana, mwanangu. Nimelala kambi ya Barafu nikaiona ikishuka usiku. Haiji maji ikaganda. Inashuka nyeupe tayari, tena kimya, hata kwenye turubai la hema huisikii. Ikitua kwenye mkono wa koti, ukaimulika kwa tochi, unaona vinyota."

Kijana akatugeukia, nasi hatukuwa na la kusema. Tulichompa asubuhi hakikuwa elimu, bali dhana iliyovikwa sauti ya baba. Imam Malik, Mwenyezi Mungu amrehemu, pamoja na ukubwa wa elimu yake, alijulikana kwa kutoona haya kusema "sijui". Sisi tulilionea haya neno hilo mbele ya mtoto wa miaka kumi. Juma hili basi tumeona tulirudie swali lake na kulijibu inavyostahiki, kwa kuwa tunaamini nyumba nyingi zimeulizwa swali hilo na nyingi zimejibu kama tulivyojibu sisi.

Maneno matatu na msafara mmoja

Tuanze na maneno, maana lugha yetu imeyahifadhi vizuri. Neno theluji limetoka katika Kiarabu, na ndilo lile lile analolitamka mtoto katika dua yake. Barafu limetujia kutoka Kiajemi kupitia biashara ya bahari. Baridi nalo ni la Kiarabu, na ni ndugu wa neno linalotumika katika dua kwa maana ya mvua ya mawe. Theluji ni ile inayoshuka kutoka mawinguni ikiwa laini na nyeupe. Barafu ni gumu, kama lile tunalogandisha ndani ya friza, au kama lile la Kibo, ambalo ni theluji ya zamani iliyorundikana na kushindiliwa kwa uzito wake yenyewe. Mvua ya mawe ni mabonge ya barafu yanayotoka katika mawingu makubwa ya radi. Watu wa Moshi huyaita yote hayo barafu, na katika mazungumzo hakuna ubaya, lakini anayetaka kujua hana budi kuyatenganisha.

Neno baridi lina kisa chake katika mlima huu. Mwezi Mei mwaka 1848, mmisionari wa Kijerumani, Johannes Rebmann, alikuwa njiani kutoka pwani kuelekea Uchagani pamoja na msafara uliokuwa chini ya Mswahili aliyeitwa Bwana Kheri. Rebmann akaona weupe juu ya mlima, akadhani ni wingu. Alipomuuliza kiongozi wa njia, alijibiwa kwa neno moja tu: ni baridi. Kwa jibu hilo akatambua kwamba anaitazama theluji. Habari zake zilipochapishwa mwaka uliofuata, mwanajiografia mmoja wa London, William Desborough Cooley, ambaye hakupata kufika nchi hizi, alizikataa kwa miaka mingi. Akilini mwake haikuingia kwamba theluji inaweza kukaa karibu hivi na Ikweta.

Wenyeji hawakuwa na shaka hiyo. Rebmann aliandika masimulizi aliyoyapata Machame, kwamba Mangi Rengua aliwahi kutuma watu wapande wakaone kile cheupe ni kitu gani, na kwamba aliyerudi alikuwa mmoja tu, mikono na miguu yake ikiwa imeharibiwa na baridi. Palikuwa pia na masimulizi ya watu waliodhani ni madini ya fedha, wakakibeba, na walipofika chini wakakuta maji matupu. Wale waliokiita baridi, na wale waliokiona kikigeuka maji mikononi mwao, walikuwa karibu na ukweli kuliko bingwa aliyekaa na vitabu vyake mbali.

Kwa nini kileleni kuna baridi

Cooley aliitazama ramani, akasahau kimo. Hewa inapopanda juu hukuta mkandamizo mdogo, ikatanuka, na inapotanuka hupoa. Anayetaka kuhakikisha na afungue vali ya tairi la baiskeli lililojazwa sawasawa, aweke kidole mbele ya upepo unaotoka: atahisi ubaridi. Kwa wastani, kila tunapopanda mita 1,000 hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.

Wazazi wanaweza kulifanya hili kuwa hesabu ya mezani. Mji wa Moshi uko kwenye kimo cha mita 800 na ushee, na wastani wa joto lake ni kama nyuzi 24. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Tofauti ni zaidi kidogo ya mita 5,000, ambazo zikizidishwa kwa nyuzi 6 za kila mita 1,000 zinatupa nyuzi 30 na kidogo. Toa hizo katika 24, utabakiwa na nyuzi 6 au 7 chini ya sifuri, na kwa kweli wastani wa kileleni uliopimwa ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuifikia kwa kalamu jibu ambalo bingwa wa London alilikosa.

Safari ya chembe moja

Sasa tuje kwenye chembe yenyewe. Sehemu kubwa ya unyevu wa mvua zetu huanzia Bahari ya Hindi. Jua huyapasha maji joto, mvuke ukapanda, na upepo ukauleta bara. Ukikutana na mlima hulazimika kupanda, na kadiri unavyopanda ndivyo unavyopoa, mpaka mvuke ukashikamana na punje za vumbi, moshi na chumvi ya bahari, ukawa matone madogo ya wingu. Matone hayo ni madogo mno. Ukiyapanga 50 kwa mstari mmoja ndipo yanafika milimita moja.

Hapa ndipo jibu letu la asubuhi lilipokosea. Tulidhani maji yakifika sifuri yanaganda. Mawinguni sivyo. Matone hayo yanaweza kubaki maji yakiwa nyuzi 10 au hata 20 chini ya sifuri, na yakiwa safi kabisa hayagandi mpaka yakaribie nyuzi 38 chini ya sifuri. Ili yagande mapema yanahitaji kitu cha kuyaonesha mpangilio wa barafu, na kitu hicho mara nyingi ni punje ya vumbi la udongo, vumbi lile lile linalopeperushwa na upepo wa kiangazi na kutusumbua machoni. Si kila vumbi linafaa. Katika punje nyingi mno ni chache tu zenye sifa hiyo. Basi hiki tunachokiona kuwa ni alama ya usafi, mpaka tukaombea kuoshwa nacho dhambi, huanza kwa punje ya vumbi ndani yake.

Punje ikishapata ganda la barafu, kazi ya ukuaji huanza, na ukuaji huo hautokani na maji kuganda. Unatokana na mvuke ulio hewani kugeuka barafu moja kwa moja bila kupitia hali ya maji. Jambo hili si geni nyumbani. Ukungu mweupe unaojenga ukuta ndani ya friza, ule akina mama wanaougwaruza kabla ya kupanga barafu za ukwaju na ubuyu, haukumwagwa na mtu. Ni mvuke wa hewa uliogeuka barafu palepale. Theluji huumbika kwa njia hiyo hiyo, isipokuwa friza yake ni wingu.

Na mvuke huo unatoka wapi? Unatoka kwa yale matone ya maji yaliyolizunguka. Barafu huushika mvuke kwa nguvu kuliko maji yanavyoushika. Ni kama sinia moja la pilau lililozungukwa na watoto, mmoja wao akiwa na mkono mwepesi kuliko wenzake. Chembe ya barafu huuvuta mvuke uliopo, matone nayo hutoa mvuke mwingine kufidia, na hivyo yanapungua huku chembe ikikua.

Kwa nini vinyota vile vina ncha sita, si tano wala nane? Molekuli ya maji, yaani kipande kidogo kabisa cha maji, ina umbo la kupinda. Zinapojipanga kuwa barafu, molekuli hushikana katika duara za sita sita, na mpangilio huo mdogo usioonekana hukua mpaka ukaonekana kwa jicho. Mtaalamu wa nyota Johannes Kepler aliandika kijitabu juu ya swali hili mwaka 1611, akakiri kwamba jibu kamili hakulipata. Lilisubiri zaidi ya miaka 300, mpaka wanasayansi walipojua kuipima barafu kwa miale ya eksirei. Kepler naye hakuona haya kusema hajui.

Sura ya chembe hutegemea joto na unyevu wa mahali inapopita. Karibu na nyuzi 2 chini ya sifuri huwa visahani vyembamba, na karibu na nyuzi 5 huwa vijiti na sindano. Nyota zenye matawi, zile alizoziona jirani yetu, humea vizuri karibu na nyuzi 15 chini ya sifuri, penye unyevu mwingi. Kwa mlima wetu, baridi ya kiasi hicho hupatikana kwenye kimo cha mita 7,000 na ushee. Kwa hiyo nyota iliyotua kwenye koti la mpagazi ilikuwa imeumbika juu kuliko kilele chenyewe.

Haya hayakujulikana kwa kukisia. Mkulima wa Vermont nchini Marekani, Wilson Bentley, alianza kupiga picha za chembe moja moja za theluji mwaka 1885, na katika maisha yake alipiga zaidi ya picha 5,000. Huko Japani, Nakaya Ukichiro alifaulu mwaka 1936 kuotesha chembe ya theluji ndani ya maabara, ikining'inia kwenye unywele wa sungura, akaonesha ni joto lipi linazaa umbo lipi. Mmoja alikuwa mkulima asiye na cheo, mwingine profesa, na wote wawili walifika kwa kutazama na kusubiri.

Ncha sita za nyota moja hufanana kwa sababu zote zimesafiri pamoja, zikapita katika baridi ile ile na unyevu ule ule. Nyota mbili hazifanani kwa sababu hakuna mbili zilizopita njia moja. Hata hivyo tusiwadanganye watoto kwa picha za vitabuni. Chembe nyingi hushuka zimevunjika, zimeshikana na nyingine, au zimepungukiwa na tawi. Zilizokamilika ni chache, na mpiga picha ndiye huzichagua. Na weupe wake si rangi. Kila chembe ni angavu kama kioo. Mwanga unapopita katika maelfu ya kuta zake ndogo hutawanyika na kurudi, jicho likaona weupe. Chukueni punje moja ya sukari ya TPC, itazameni karibu na mwanga, kisha itazameni sukari iliyojaa kwenye bakuli.

Jibu la swali la pili

Kijana aliuliza pia: mbona haituangukii sisi huku Njoro? Jibu sahihi lilitushangaza hata sisi: inatuangukia.

Mawingu makubwa ya masika hupanda juu sana, kupita kimo cha Kibo, na juu huko hayana budi kuwa na barafu. Chembe zikishakuwa nzito huanza kushuka taratibu, kiasi cha mita moja kwa sekunde. Hewa ikiwa imetulia, chembe inayotoka mita 7,500 itachukua kama robo tatu ya saa kufikia mstari wa sifuri, ambao katika nchi zetu uko karibu na mita 4,800. Ikiwa hapo pana mlima, itatua na kuwa theluji. Ikiwa hapana mlima, itaendelea kushuka, itayeyuka, na kilichokuwa nyota kitakuwa tone. Tone hushuka kwa kasi zaidi, na baada ya kama dakika kumi hugonga bati la nyumba yetu.

Si mvua yote iliyo hivyo. Manyunyu ya mawingu ya chini huumbika bila barafu yoyote, kwa matone kugongana na kuungana. Lakini sehemu kubwa ya mvua inayonyesha nchi kavu duniani huanzia kwenye barafu. Tone moja la mvua lenye upana wa milimita 2 lina maji ya matone milioni moja ya wingu, na chembe ya theluji ni mojawapo ya njia kuu za kuyakusanya. Basi maji ya mapipa yetu, ya migomba ya Uru na Kibosho, na ya mahindi ya tambarare, mengi yalikuwa theluji saa moja kabla hayajatufikia. Kibo na uani kwetu vimepata riziki moja, na tofauti ni kimo tu.

Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Mtume, rehema na amani zimfikie, aliponyeshewa mvua aliifunua sehemu ya nguo yake ili imguse, akaeleza kwamba imetoka kwa Mola wake hivi punde. Tangu tulipoijua safari hii, hadithi hiyo imekuwa karibu zaidi nasi. Aya ya 43 ya Surat An-Nur nayo inatualika kutazama mawingu, mvua na mvua ya mawe. Hatuifanyi aya hiyo kuwa kitabu cha fizikia, wala hatudai kwamba wanasayansi waliotajwa hapa walikuwa wanaisherehesha. Tunasema tu kwamba aliyealikwa kutazama hujibu mwaliko kwa kutazama kweli.

Stara ya barafu kongwe

Yote haya yangekuwa maarifa ya kupendeza tu kama si swali la tatu, ambalo halikuulizwa na mtoto bali na bibi yake. Alitusikiliza jioni yote, kisha akasema: "Tulipokuwa wasichana ule weupe haukuwa mdogo hivi. Je, utaisha?"

Mwaka 1912 barafu la Kilimanjaro lilifunika takriban kilomita za mraba 12. Kufikia mwaka 2011 zilikuwa zimebaki chini ya 2. Mwaka 2000 wanasayansi walioongozwa na Lonnie Thompson walitoboa barafu hilo, na walikadiria kwamba tabaka zake za chini kabisa zina umri wa miaka karibu 11,700. Mwaka 2022 UNESCO ilitahadharisha kwamba barafu la Kilimanjaro huenda likatoweka ifikapo mwaka 2050. Kijana wetu, Mwenyezi Mungu akimpa uhai, atakuwa hajawa mzee.

Wengi hudhani kisa ni joto tu, kama barafu lililosahauliwa nje ya friza. Waliopima wameona jambo lililo karibu zaidi na mazungumzo yetu. Hewa ya kileleni bado iko chini ya sifuri muda mwingi, na sehemu ya barafu hupotea kwa kugeuka mvuke moja kwa moja, kinyume cha kuumbika kwake. Kinacholinda barafu kongwe ni theluji changa. Theluji mpya hurudisha mwanga wa jua sehemu 8 hadi 9 katika kila 10. Ikikosekana, barafu la kale lenye vumbi hubaki wazi, likalinywa jua na kupungua. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 hali ya mlimani imekuwa kavu zaidi, na ukavu huo umefungamana na mabadiliko ya bahari na joto la dunia nzima. Chembe ile ndogo ni stara ya barafu lililo chini yake, na stara inapokosekana, mwili hauishi muda mrefu.

Tulimjibu bibi kwamba kwa dalili zilizopo huenda likaisha. Theluji itaendelea kuanguka asubuhi baadhi, lakini itakuwa ya siku chache, haitakuwa na barafu la kale la kulilalia. Alinyamaza kidogo, akauliza: "Na maji yetu je?"

Hapa palikuwa na dhana nyingine ya kusahihisha, na kwa bahati ni ya faraja. Maji ya mito ya Karanga, Weruweru na Rau, na ya chemchemi zinazolisha mifongo waliyoichimba wazee wa Kichagga, hayatoki kwenye barafu ila kidogo sana. Karibu yote ni ya mvua na ukungu unaonaswa na msitu ulioufunga mlima kama mshipi. Kuvu mwani na ndevu za miti hunyonya ukungu, ardhi yenye kivuli huyapokea maji polepole, na chemchemi huyatoa wakati wa kiangazi. Barafu likiisha tutapoteza alama kubwa na kumbukumbu ya miaka elfu nyingi. Msitu ukiisha tutapoteza maji yenyewe.

Na msitu, tofauti na barafu, uko mikononi mwetu. Mwaka 2005 uliingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, lakini sheria haizimi moto peke yake. Oktoba 2020 tuliuona moshi kutoka hapa mjini, na moto ulikuwa unawaka juu usiku hata usiku. Anayewasha moto wa kulina asali akauacha, anayekata mti wa kando ya mto, anayelima mpaka kwenye ukingo wa chemchemi, hawezi kusema kosa ni la viwanda vya nchi za mbali tu.

Ya kufanya nyumbani

Tunapendekeza mambo machache kwa familia zetu. Fungueni friza pamoja na watoto, muwaoneshe ukungu wa barafu na muwaeleze ulivyoumbika. Fanyeni hesabu ya kimo na joto. Mwenye kihamba au kiwanja na apande mti wa kivuli, mtoto akishika mche kwa mkono wake. Na katika udhu turudie kutumia kata au birika badala ya kuliacha bomba likimwagika, kwani tumefundishwa kujiepusha na israfu ya maji. Baba akiacha bomba wazi huku akimfundisha mtoto thamani ya mvua, mtoto atalifuata bomba.

Zaidi ya yote, tujifunze kusema "sijui, tutatafuta". Neno hilo halimshushi mzazi. Kinachomshusha ni siku mtoto atakapogundua kwamba alipewa dhana mahali pa elimu, kisha akaanza kuyatilia shaka hata yale ya kweli aliyofundishwa.

Tulimwita kijana, tukamwambia mbele ya bibi yake na jirani yetu kwamba jibu la asubuhi ile halikuwa sahihi, tukamsimulia safari ya chembe kuanzia baharini, mawinguni, hadi kwenye bati letu, na mto unavyoyarudisha maji kupitia Pangani hadi baharini tena. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema atawaambia wenzake madrasa, maana naye alikuwa amewafundisha visivyo. Usiku ule ilinyesha, na alipokuwa akichukua udhu wa Isha uani aliutoa mkono wake nje ya ukingo wa paa, akauacha ulowe.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, na aijaalie mvua yetu iwe ya rehema. Tukutane juma lijalo, inshaAllah.

Wabillahi tawfiq.